Kujenga Kasha la Kompyuta kwa Mbao na Bati

Kasha la kompyuta hufanya kazi nne: hushika vipande mahali pake, hupitisha hewa ya kuvipoza, humkinga mtumiaji na umeme, na huzuia vumbi na wadudu wasiingie. Uzuri wa umbo hufuata baada ya hizo. Kasha la kiwandani hutengenezwa ili limfae kila mnunuzi, kwa hiyo huwa na nafasi nyingi zisizotumika na matundu ya vipande ambavyo pengine havitanunuliwa kamwe. Kasha la mkono hujengwa kwa ajili ya vipande vinavyojulikana, kwa matumizi ya chumba kinachojulikana, na faida yake iko hapo. Desturi hii ina umri sawa na kompyuta ya nyumbani yenyewe. Apple I ya mwaka 1976 iliuzwa ikiwa bodi iliyokwisha kuunganishwa, bila kasha, bila kibodi na bila skrini, na baadhi ya wanunuzi waliitengenezea makasha ya mbao. Mojawapo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani.

Mwongozo huu unafuata kasha moja dogo tangu kipimo cha kwanza hadi majaribio: kompyuta yenye mazabodi ya Mini-ITX, pawasaplai ya SFX, feni moja ya milimita 120 na diski ya SSD, bila kadi ya michoro. Kompyuta ya namna hii hutosha kwa ofisi, masomo, uhariri wa picha na kazi nyingi za programu. Kadi kubwa ya michoro huongeza ugumu kuliko inavyodhaniwa, na anayejenga kasha kwa mara ya kwanza hufanya vyema kuiacha.

Vipimo: kutoka ndani kwenda nje

Kosa linaloharibu makasha mengi ni kuanza na umbo la nje kisha kutafuta namna ya kushindilia vipande ndani. Mpangilio sahihi ni kinyume: vipande hununuliwa kwanza, hupimwa kimoja kimoja, kisha kasha huchorwa kuvizunguka.

Vipimo vikuu vimewekwa na viwango vya kimataifa, na ndiyo sababu ujenzi wa mkono unawezekana. Kiwango cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, kinataja mazabodi ya mm 305 kwa 244. Kile cha Mini-ITX, kilichobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ni mraba wa mm 170. Pawasaplai ya ATX ina upana wa mm 150 na kimo cha mm 86, na urefu wake hutofautiana kwa kila mtengenezaji; ya SFX ni mm 125 kwa 63.5 kwa 100. Feni ya mm 120 kwa kawaida ina unene wa mm 25, na matundu yake ya skrubu yameachana kwa mm 105. SSD ya inchi 2.5 ni mm 100 kwa 70, na unene wake kwa kawaida ni mm 7.

Katika kasha linaloelezwa hapa, pawasaplai hukaa chini na mazabodi hulala juu yake kwenye bamba la chuma. Kimo cha ndani hupatikana kwa kujumlisha kuanzia sakafuni: pawasaplai mm 63.5, nafasi ya nyaya mm 15, bamba mm 2, vinguzo vya kuinua mazabodi mm 8, mazabodi yenyewe mm 1.6, kipozajoto kifupi cha prosesa mm 70, na nafasi ya hewa juu ya kipozajoto mm 30. Jumla ni mm 190. Upana ni mm 170 za mazabodi na mm 15 kila upande, yaani mm 200. Kina ni mm 170 za mazabodi, mm 25 za feni ya mbele, na mm 35 za nyaya, yaani mm 230. Ujazo wa ndani haufiki lita 9.

Nyaya ndizo husahaulika. Kebo kuu ya pini 24 ni nene, haipendi kukunjwa kwa ghafla, na plagi yake husimama juu ya mazabodi. Mm 35 zilizoachwa mbele zimewekwa kwa ajili yake, na anayezipunguza ili kasha lipendeze huja kuligundua hilo siku ya kufunga.

Kabla ya kugusa mbao, kasha zima hutengenezwa kwa katoni. Boksi la kawaida la dukani hukatwa kwa vipimo vilivyopatikana, hugundishwa kwa utepe, na vipande halisi huwekwa ndani. Katoni huonyesha mambo ambayo mchoro huficha: mkono hauwezi kufikia skrubu fulani, plagi ya umeme inagusana na bamba, kipozajoto kinaziba nafasi ya RAM. Kurekebisha katoni ni kazi ya dakika chache. Kurekebisha mbao ni kuanza upya.

Mbao, plaiwudi na chuma

Plaiwudi ya mm 12 ndiyo chaguo bora kwa kuta. Tabaka zake zimepishanishwa mwelekeo wa nyuzi, kwa hiyo haitanuki wala kusinyaa sana hewa inapobadilika unyevu. Jambo hilo lina uzito mahususi hapa, kwa sababu ndani ya kasha hewa ni ya joto na kavu, na nje, hasa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, unyevu ni mwingi. Mbao nzima yenye uso mmoja mkavu na uso mwingine wenye unyevu hujikunja.

Anayetaka mbao halisi hupata mninga, ambao husifiwa na maseremala kwa kutulia baada ya kukauka, au mvule. Vipande vya mbao nzima havifungwi kwa gundi pande zote nne. Huachiwa upande mmoja usogee, ama kwa skrubu iliyopita katika tundu refu kidogo, ama kwa mfereji usio na gundi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu, kwa hiyo kupiga msasa hufanywa nje, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa barakoa. MDF hukatwa kwa urahisi na hupokea rangi vizuri, lakini skrubu haziishiki barabara ukingoni, na maji huivimbisha bila kurudi.

Vipande vyote sita vya kasha hili hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya shiti la futi 8 kwa 4. Hakuna haja ya kununua shiti zima. Karakana yoyote ya samani ina mabaki yanayotosha. Vipande hivyo ni viwili vya mm 224 kwa 230 kwa juu na chini, viwili vya mm 190 kwa 230 kwa pembeni, na viwili vya mm 224 kwa 214 kwa mbele, ambayo ina tabaka mbili.

Ukuta wa nyuma haufai kuwa mbao. Kila mazabodi ina fremu nyembamba inayozunguka matundu ya USB, ya mtandao na ya skrini. Baadhi huja na fremu hiyo pembeni, nyingine zimeshaunganishwa nayo. Fremu hiyo hujibana yenyewe kwenye tundu la mm 158.75 kwa 44.45 lililokatwa katika bati la takriban mm 1. Katika plaiwudi ya mm 12 haishiki, na plagi za USB hazifiki ndani. Bati la kuezekea la geji 28 au 30 ni jembamba mno na hupinda plagi inaposukumwa. Kinachohitajika ni bati bapa la mm 1 kwa ukuta wa nyuma, na alumini au chuma cha mm 1.5 hadi 2 kwa bamba la kubebea mazabodi.

Mjenzi asiye na vifaa vya chuma ana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kuwapelekea mafundi bati mchoro wenye vipimo kamili. Kamukunji jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam na Katwe jijini Kampala wapo mafundi wanaokata na kukunja bati siku nzima, na kazi hii kwao ni ndogo. Ya pili ni kununua kasha kuukuu la chuma kama skrepa na kukata humo sehemu ya nyuma pamoja na bamba lake, ambavyo tayari vina matundu yote. Sharti moja hukaguliwa kabla ya kulipa: kompyuta nyingi za ofisini zilizotoka kwa watengenezaji wakubwa hazifuati viwango vya ATX, na mabamba yake hayalingani na mazabodi ya kununuliwa dukani. Mazabodi hubebwa hadi kwa muuzaji na kuwekwa juu ya bamba. Matundu yakilingana, bamba linafaa.

Njia ya hewa

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hugeuka kuwa joto ndani ya kasha. Mbao haisaidii kulitoa, kwa kuwa hupitisha joto kidogo sana ikilinganishwa na alumini. Kwa kasha la mbao, hewa ndiyo njia pekee ya kutolea joto, na mjenzi hapaswi kuibahatisha.

Hesabu yake ni fupi. Lita moja ya hewa huhitaji takriban jouli 1.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi 1. Feni inayosukuma lita 20 kwa sekunde hubeba basi wati 24 kwa kila nyuzi moja. Kompyuta inayotumia W 120 itaipasha hewa hiyo nyuzi 5 tu. Njia ikizibwa na vumbi au na nakshi zenye matundu madogo hadi feni isukume lita 5, hewa ileile hupanda nyuzi 20. Katika chumba chenye nyuzi 32, kipozajoto cha prosesa huwa kinapulizwa na hewa ya nyuzi 52, na feni zote hupiga kelele zikijaribu kufidia. Makasha mengi ya mbao yanayosifiwa kwa sura hushindwa hapa.

Eneo la wazi la feni ya mm 120, ukitoa kitovu chake, ni karibu mm za mraba 9,000. Mahali hewa inapoingilia panapaswa kuwa na eneo lisilopungua hilo. Anayefikiria kutoboa matundu ya mm 6 atagundua kwamba yanahitajika zaidi ya 300, na kila tundu ni nafasi ya biti kuteleza. Suluhisho lililo rahisi na zuri kuliko yote ni mbele ya tabaka mbili. Ubao wa ndani hukatwa tundu moja la duara la mm 115 na feni hufungwa nyuma yake. Ubao wa nje hauna tundu lolote. Husimama mm 15 mbele ya ule wa ndani juu ya vipande vinne vya mbao pembeni, na hewa huingia kupitia mwanya unaouzunguka. Mzingo wa ubao wa mm 224 kwa 214 ni mm 876, na mwanya wa mm 15 hutoa zaidi ya mm za mraba 13,000. Hata vile vipande vinne vikichukua sehemu yake, hewa hutosha. Uso wa nje hubaki mzima, na nyuzi za mbao huonekana bila kukatwa.

Hewa hutokea nyuma na pembeni juu. Ukuta wa nyuma, ukishatolewa tundu la mazabodi na la pawasaplai, hubakiwa na ukanda wa mm 57 juu. Matundu ya ukanda huo hutoa nusu ya eneo linalotakiwa, na nusu nyingine hutoka kwa nyufa tatu au nne za mm 8 kwa 100 sehemu ya juu ya kila ubavu. Kifuniko cha juu huachwa bila tundu. Kweli hewa ya moto hupanda, lakini feni ina nguvu kuliko kupanda huko, na kifuniko chenye matundu hupokea vumbi usiku kucha na, siku moja, kikombe cha chai.

Pawasaplai hupewa hewa yake yenyewe. Huwekwa feni yake ikitazama chini, juu ya tundu la duara la mm 90 sakafuni, na kasha huinuliwa kwa miguu ya mm 20. Hewa yake hutoka moja kwa moja nyuma bila kuchanganyika na ile ya prosesa.

Kwa kuwa feni ya mbele husukuma hewa ndani, mgandamizo ndani ya kasha huwa mkubwa kidogo kuliko nje, na hewa hutoka, badala ya kuingia, katika kila mwanya usiokusudiwa. Vumbi basi lina milango miwili tu, tundu la feni na tundu la sakafuni, na yote miwili huwekwa kichujio. Wavu wa dirisha wa kuzuia mbu hufaa, na kitambaa cha soksi nyembamba za nailoni hushika vumbi jembamba zaidi ingawa huhitaji kusafishwa mara nyingi. Nyufa za kutokea hewa nazo huwekewa wavu, kwa sababu nyingine: mijusi na mende hupenda mahali penye joto, na mjusi aliyelala juu ya mazabodi huweza kuunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana.

Kutoboa, kukata na kuunganisha

Kazi yote ya chuma hukamilishwa na kusafishwa kabla mazabodi haijatolewa kwenye pakiti yake. Chembe moja ya chuma iliyonaswa chini ya mazabodi inatosha kuiua.

Matundu ya vinguzo hayapimwi kwa rula. Hunakiliwa kutoka kwenye mazabodi yenyewe. Karatasi ngumu huwekwa juu ya meza ya mbao, mazabodi huwekwa juu yake ikiwa haijapachikwa kitu, na penseli kali hupitishwa katika matundu yake manne. Matundu hayo hayakai kwenye pembe za mstatili kamili, moja limeingia ndani kuliko mengine, na anayedhani yako sawa hutoboa mara mbili. Karatasi hiyo hugundishwa kwenye bamba, kila alama hupigwa kwa ncha ya chuma ili biti isiteleze, kisha hutobolewa. Kwa vinguzo vya shaba vya M3 tundu huwa mm 2.5 likiwa litachongwa hesi, au mm 3.2 likiwa kinguzo kitafungwa kwa nati upande wa pili. Njia ya nati ni salama zaidi kwa alumini nyembamba. Tundu likikosea kwa nusu milimita, hupanuliwa kwa tupa nyembamba na washa hufunika kosa.

Skrubu za kompyuta ni za aina mbili zinazofanana machoni. SSD na vinguzo vingi hutumia M3, ilhali pawasaplai na diski kubwa za inchi 3.5 hutumia skrubu za inchi za 6-32, nene kidogo. Kulazimisha moja mahali pa nyingine huharibu hesi, na hesi ya pawasaplai haibadilishwi.

Bamba hukatwa mm 198 kwa 175 ili mwanya wa nyaya ubaki mbele, na hukalia vipande vyembamba vya mbao vilivyofungwa kwenye kuta za pembeni, mm 78 kutoka sakafuni. Tundu la fremu ya mazabodi katika ukuta wa nyuma huchorwa mwisho: bamba hufungwa mahali pake, mazabodi huwekwa juu ya vinguzo ikiwa na fremu yake, husogezwa hadi iguse bati, na mstari huchorwa kuizunguka. Mazabodi ikishatolewa, tundu hukatwa likiwa dogo kidogo kuliko mstari, kisha hupanuliwa kwa tupa hadi fremu ijibane. Kingo zote za bati hupigwa tupa mpaka kidole kipite juu yake bila kukwaruzwa, kwa kuwa ukingo mkali hukata kidole leo na ngozi ya waya baada ya miezi kadhaa ya mtikisiko.

Kuta za pembeni hugundishwa na kupigiliwa skrubu kwenye sakafu na kwenye ubao wa ndani wa mbele. Pembe hukaguliwa kwa kupima mishazari miwili ya kasha: ikilingana, kasha liko mraba, na vibano hukazwa hadi gundi ikauke. Tundu dogo la mwongozo hutobolewa kabla ya kila skrubu, la sivyo plaiwudi hupasuka kati ya tabaka. Kifuniko hakigundishwi. Hufungwa kwa skrubu nne ndefu zinazoingia katika nati za shaba zilizopachikwa ndani ya mbao, kwa sababu skrubu ya mbao inayofunguliwa na kufungwa mara kwa mara hulegea.

Feni hufungwa kwa boliti za mm 4 zenye nati. Kati ya feni na mbao huwekwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Ubao mwembamba hukuza mtikisiko wa feni kama ngoma inavyokuza pigo, na mpira huukata.

Msasa wa namba 120 hutangulia, kisha 180, kisha 240. Vanishi hupakwa nje kwa tabaka mbili au tatu, na ndani kwa tabaka moja ili pande zote mbili za mbao zipokee unyevu kwa kasi inayokaribiana. Kasha huachwa wazi siku kadhaa mpaka harufu ya vanishi iishe kabisa ndipo vipande viingizwe.

Ethi

Katika kasha la chuma usalama huja wenyewe: pawasaplai hugusa chuma, chuma chote huwa kimeunganishwa na waya wa ethi wa plagi ya pini tatu, na hitilafu yoyote hupeleka umeme ardhini na kukata fyuzi au swichi kuu. Katika kasha la mbao uhusiano huo haupo mpaka mjenzi auweke. Sehemu hii ya kazi hairuhusu njia ya mkato.

Pawasaplai hufungwa kwenye ukuta wa nyuma wa bati kwa skrubu zake nne, na rangi hukwanguliwa pale vyuma viwili vinapokutana. Alumini iliyotiwa rangi kiwandani haipitishi umeme usoni, kwa hiyo nayo hukwanguliwa. Bamba la mazabodi huunganishwa na ukuta wa nyuma kwa skrubu angalau tatu au kwa waya mnene wenye vichwa vya duara. Kila kipande kingine cha chuma kinachoweza kuguswa kutoka nje, kikiwemo kitufe cha kuwashia cha chuma, huunganishwa vilevile.

Kisha hupimwa. Kompyuta ikiwa haijachomekwa ukutani, malitimita huwekwa kwenye kipimo cha omu. Ncha moja hugusa pini ndefu ya ethi ya plagi na nyingine hugusa bamba. Kipimo kinapaswa kuwa chini ya omu 1. Kikiwa juu zaidi, kuna rangi au kutu mahali fulani.

Hayo yote hayana maana iwapo soketi ya nyumba haina ethi, au iwapo plagi imechomekwa kwenye adapta ya pini mbili. Vichujio vilivyo ndani ya pawasaplai huunganisha ethi na nyaya mbili za umeme kupitia kapasita ndogo, na ethi isipofika ardhini, chuma cha kompyuta huelea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo mno kuua, lakini ndio huleta ule mtekenyo unaosikika vidoleni katika nyumba nyingi, na siku pawasaplai itakapoharibika kweli hakutakuwa na kitu cha kuukata umeme. Kuweka ethi ya nyumba ni kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa, na inastahili kutangulia kasha lolote.

Pawasaplai yenyewe haifunguliwi kwa sababu yoyote, hata kwa lengo la kupunguza ukubwa wake. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa ndani yake huwa zaidi ya volti 320, na kapasita zake huweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Ganda lake la chuma pia ndilo kizuizi kati ya hitilafu ya moto na kuta za mbao. Joto la kawaida la kompyuta haliwezi kuwasha mbao, kwa maana mbao huhitaji nyuzi mia kadhaa ili ishike moto, lakini pawasaplai iliyovuliwa ganda lake ni jambo jingine.

Swichi na kufunga vipande

Swichi ya kuwashia kompyuta haikati umeme. Huunganisha pini mbili za mazabodi kwa nukta moja kisha huachia. Inayotakiwa ni swichi ya kubonyeza inayorudi yenyewe. Kitufe cha kengele ya mlango hufanya kazi hiyo vizuri, na hupatikana katika kila duka la vifaa vya umeme. Swichi ya taa haifai: ikibaki imeshikana kwa takriban sekunde 4, mazabodi huichukua kuwa amri ya kuzima kwa lazima. Nyaya za swichi hazina upande. Za taa ndogo ya LED zina chanya na hasi, na mpangilio wa pini husomwa katika kijitabu cha mazabodi.

Kabla ya kuingia kasha, kompyuta huwashwa kwanza ikiwa mezani, juu ya katoni ya mazabodi. Ikikataa kuwaka huko, kasha halina hatia na vipande hukaguliwa. Ikiwaka, hufungwa kwa mpangilio huu: pawasaplai, bamba lenye mazabodi na kipozajoto chake, SSD ambayo hukaa sakafuni mbele ya pawasaplai, kisha nyaya. Mjenzi hugusa chuma cha pawasaplai kila mara kabla ya kushika mazabodi, ili umeme tuli wa mwili upite huko. Nyaya zilizozidi hukunjwa chini ya bamba, nje ya njia ya feni.

Majaribio

Njia ya hewa hukaguliwa kwa kijiti cha udi. Kompyuta ikiwa inaendeshwa, moshi husogezwa taratibu kuzunguka kasha: kwenye mwanya wa mbele unapaswa kuvutwa ndani, kwenye nyufa za pembeni na nyuma unapaswa kusukumwa nje. Mahali moshi unapozunguka bila mwelekeo ni mahali hewa ileile ya moto inarudi ndani. Mara nyingi chanzo ni mwanya kati ya feni na ubao, nao huzibwa kwa ukanda wa sponji.

Halafu kompyuta hupewa kazi nzito kwa saa moja, mchana, chumba kikiwa na joto lake la kawaida, huku programu ya vipimo ikionyesha nyuzi za prosesa na za diski. Kipimo huchukuliwa mara mbili, kifuniko kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi. Tofauti ya nyuzi 3 hadi 5 ni ya kawaida. Ikizidi 10, kasha linazuia hewa: kichujio hubadilishwa kwa chenye matundu makubwa zaidi, au nyufa za kutokea huongezwa. Prosesa inayobaki chini ya nyuzi 80 katika kazi hiyo iko salama.

Mbao mpya huendelea kukauka kwa joto la ndani, kwa hiyo skrubu zote za mbao hukazwa tena baada ya mwezi wa kwanza, na ethi hupimwa upya siku hiyohiyo. Vichujio huoshwa kwa maji na kukaushwa kila vumbi linapoanza kuonekana; katika miji ya bara wakati wa kiangazi hilo huweza kuwa kila baada ya wiki mbili. Mahali pa matundu manne ya Mini-ITX hapajabadilika, hivyo mazabodi ya sasa ikichakaa, nyingine ya kiwango hichohicho hukaa juu ya vinguzo vilevile bila tundu jipya kutobolewa.